Rimu za spoti kwenye Mustang ya 1967: matundu yalikubali, kitovu kikagoma (Mtwara)

MtotoWaShangani

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwa sababu miezi michache iliyopita nusura nimuue mjomba wangu barabarani, kwa kosa ambalo rula ya mtoto wa shule ingelionyesha mapema.

Gari yenyewe ni Ford Mustang ya 1967, injini V8 ya 289, ile ya lita 4.7. Mjomba alikuwa baharia, akaishia kukaa Fremantle kule Australia miaka mingi, na huko ndiko alikoinunua ikiwa tayari imehamishiwa usukani kulia. Aliporudi nyumbani akarudi nayo. Sisi Wamakonde mnatujua, mjomba ndiye mwenye wapwa. Macho yake yalipoanza kufifia akaniita, akaniwekea funguo kiganjani, akasema, "Iendeshe, isife imesimama." Basi.

Rimu zake ni za chuma, inchi 14, na chumvi imezila. Anayekaa Shangani anajua: kusi ikivuma, bati jipya halimalizi mwaka halijapata madoa. Pale kwenye mdomo wa rimu, tairi linapokaa, kutu ilikuwa imechimba vishimo kama ndui. Nililala tairi zimejaa, nikaamka mbili ziko chini. Nikatia tyubu, nikapiga brashi, nikapaka rangi, hali ileile. Nikaona nitafute rimu nyingine.

Kila niliyemuuliza hapa mjini alinipa jibu moja: "Hiyo V8 ni tundu tano, PCD 114.3, sawa na Toyota. Vaa za Toyota." Na ni kweli kabisa. PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Inchi nne na nusu ni milimita 114.3, ndiyo maana hiyo namba ina nukta. Mark II, Harrier, Noah, zote ziko hapo. Nikapata rimu nne za mtumba zilizotoka kwenye Toyota, nzuri, hazijapinda, nyuma zimepigwa chapa 16x6.5J na ET50, yaani kipenyo inchi 16, upana inchi 6.5, na ofseti milimita 50 (ofseti nitaieleza chini). Laki nne na nusu. Nikarudi nyumbani nimefurahi kama niliyeokota.

Asubuhi nikapiga jeki. Matundu matano yakaingia kwenye stadi tano, zile bolti za kushika nati, bila kusukuma. Lakini rimu haikulala. Ikabaki imeinuka juu ya habu, pale gurudumu linapofungwa, nikiisukuma upande huu inainuka ule. Kumbe tundu la katikati la rimu ni milimita 60, na kitovu cha habu ya Mustang ni 70 na ushee. Matundu yamekubali, kitovu kimegoma.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha. Nikaenda gereji moja (siitaji, na fundi alikuwa na nia njema) nikaambiwa dawa ipo: spesa ya milimita 20. Unaivika kwenye habu, kitovu kinazama ndani yake, rimu inalala juu ya spesa. Na ile ET50 ambayo ingeingiza rimu ndani hadi igombane na sehemu za mbele, spesa inaitoa nje kidogo. Nikaona tumeua ndege wawili. Tukafunga kwa nati zilezile za Ford. Gari ikasimama, watu wakapiga picha.

Jumapili jioni nikampakia mjomba twende Mikindani apunge upepo. Kufika kama kilomita 50 kwa saa usukani ukaanza kutikisika. Nikasema ni balansi. Tulipokaribia ghuba, pale unapoanza kuona ngalawa, nikasikia kok, kok, kok, upande wa kushoto mbele. Mjomba hakuniuliza. Aliweka mkono kwenye dashibodi, akasema, "Simama, hilo ni gurudumu."

Nati mbili kati ya tano nilizifungua kwa vidole. Vidole, wakuu, bila spana. Nikavua rimu palepale kando ya barabara. Kuzunguka kila tundu kulikuwa na alama ya kung'aa, upande mmoja tu, kama mwezi mwandamo, na juu ya spesa umetapakaa unga wa kijivu, laini kama majivu ya sigara. Ni alumini ya rimu iliyokuwa ikisagika tangu tutoke nyumbani. Nikarudisha nati moja ile ya mwisho polepole nikihesabu. Ilizunguka mara sita ikafika mwisho.

Tulirudi kwa mwendo wa baiskeli, kila kilomita mbili nashuka nakaza. Gari ikapanda juu ya mawe, na rimu za chuma zikarudi.

Nataka kujua kosa lilikuwa wapi hasa, maana nimesikia maelezo matatu tofauti. Na kama kuna aliyewahi kufunga rimu kwenye gari ya namna hii huku kusini, anisaidie.

---

Ligula77

Mkuu pole sana, na mpe mzee pole zetu. Ile gari nimeiona mara moja pale karibu na bandari, sauti yake unaisikia kifuani. Ningekushauri umpeleke fundi mchongaji akaipanue hiyo rimu katikati mpaka 70. Kazi ya nusu saa kwenye mashine.

---

Fundi_Chikongola

Mdogo wangu, pole, na shukuru umeandika. Makosa yako yako matatu, na hao watu watatu waliokueleza kila mmoja alishika kipande chake.

La kwanza ni nati, na hili ndilo lililotaka kuwaua. Rimu za alumini za kiwandani za Toyota, nyingi kati ya hizo unazoziona hapa mjini, tundu lake la nati ni bapa. Zinafungwa na nati yenye shingo na washa: shingo inazama ndani ya tundu, washa inakandamiza uso. Nati za Ford yako mdomo wake ni koni, digrii 60. Koni ukiifunga kwenye tundu bapa inagusa ukingo tu, mstari mwembamba kama uzi. Unakaza, unasikia imekaza, kumbe imeuma ukingo wa alumini. Alumini ni laini. Ikitembea kidogo ukingo unaliwa, nati inalegea. Ule mwezi mwandamo uliouona ndio huo.

La pili ni kitovu. Rimu za kiwandani zimetengenezwa zibebwe na kitovu wakati unafunga: kitovu kinaiweka rimu katikati, nati zinaibana tu. Ulipoweka spesa isiyo na kitovu chake, rimu ikakosa cha kuiweka katikati. Nati za koni zingeweza kufanya kazi hiyo kama tundu lingekuwa la koni. Halikuwa. Kwa hiyo gurudumu lilikuwa limekaa pembeni kidogo tangu mwanzo, na ule mtikisiko wa kilomita 50 haukuwa balansi.

La tatu umelihesabu mwenyewe bila kujua thamani yake: mizunguko sita. Stadi ya Mustang V8 ni nusu inchi, na ina meno 20 kwa kila inchi. Nati inatakiwa ishike urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Nusu inchi ya meno ni meno 10, na kila mzunguko mmoja ni jino moja. Kwa hiyo nati isipozunguka mara 10 toka iliposhika mpaka inapobana, usiende popote. Wewe ulikuwa na sita. Spesa ilikula meno yako.

Kwa Ligula77: kupanua inawezekana, nyama ipo ya kutosha kati ya kitovu na matundu. Lakini ukishapanua bado una ET50 na bado una tundu bapa. Umetatua moja kati ya matatu.

---

MtotoWaShangani

Fundi, nimesoma mara nne. Nimetoka sasa hivi kwenda kuiangalia ile rimu na tochi. Tundu ni bapa kabisa, na uso wake una duara la zamani la washa. Lilikuwa linaniangalia muda wote.

---

DerevaWaKusini

Naomba nitofautiane kidogo. Spesa zisilaumiwe zote. Nina Noah, nimefunga spesa nyuma miaka mitatu, nimekwenda Dar na kurudi sijui mara ngapi, nimepita Somanga wakati barabara imeharibika baada ya yale mafuriko ya 2024, na hakuna nati iliyowahi kulegea. Tatizo ni ufungaji.

---

Fundi_Chikongola

Hujakosea kaka. Ila angalia spesa yako ni ya namna gani. Kuna ya kuvika, bapa tu kama sahani, ndiyo hiyo ya mwenzetu. Na kuna ya kufungwa: inafungwa kwenye habu kwa nati zake, halafu ina stadi zake mpya za kubeba rimu, na katikati imechongwa kitovu cha ndani cha kukaa kwenye habu na cha nje cha kubeba rimu. Hiyo ya pili haili meno ya stadi. Naamini ya kwako ndiyo hiyo. Hata hivyo kagua beringi, maana ukisogeza gurudumu nje, uzito unaning'inia mbali zaidi na beringi inaumia mapema.

---

DerevaWaKusini

Ni kweli, yangu ina stadi zake. Sikujua kama kuna nyingine. Nimekuelewa.

---

MweraWaNyangao

Habari hii imenigusa kwa sababu na mimi niliingia mkenge kama huo Lindi, kwenye Hilux. Nilipata rimu za Pajero, tundu sita. Hilux tundu sita. PCD zote mbili 139.7. Nikalipa. Kumbe tundu la katikati la Pajero ni 67 na habu ya Hilux inataka 106. Hapo kupanua si mchezo, ni kukata karibu milimita 20 kila upande, na nyama inayobaki mpaka matundu ya nati ni kidogo. Aliyeniuzia akaniambia bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Nilizibeba mpaka Mnazi Mmoja nikamuuzia mwenye Pajero kwa hasara.

Tangu siku hiyo natembea na kalipa ya kupimia kwenye droo ya gari. Muuzaji akisema "zinaingia hizi," namwambia sawa, ngoja nipime.

---

MamaKorosho

Jamani mnanitisha. Mimi gari yangu ni Premio, nimeonyeshwa rimu za Subaru nzuri sana hapa Masasi, anasema zote ni tundu tano kwa 100. Nichukue au niache?

---

Fundi_Chikongola

Dada, wewe uko upande wenye nafuu. Premio kitovu chake ni 54, Subaru ni 56. Tundu la rimu ni kubwa kuliko habu yako, kwa hiyo itaingia na kubaki na nafasi ya milimita moja kila upande. Hiyo nafasi unaijaza kwa pete ya kitovu, 56 kwa nje na 54 kwa ndani. Mwenye Subaru akitaka kuvaa za Premio ndiye mwenye shida. Halafu nati: usifunge nati za Subaru kwenye Premio hata kama zinafanana kwa macho. Unene ni uleule milimita 12, ila meno ya Subaru ni ya 1.25 na ya Toyota ni 1.5. Ukilazimisha unaua stadi. Angalia pia umbo la tundu la nati, kama tulivyosema juu.

---

MamaKorosho

Ahsante sana fundi, Mungu akuzidishie. Nitamwambia aziweke mpaka nipate pete.

---

Ligula77

Swali la mtu mvivu: hiyo PCD kwenye tundu tano unaipimaje, maana hakuna tundu linalotazamana na jingine? Tundu nne ni rahisi, unapima moja kwa moja.

---

MweraWaNyangao

Pima katikati ya tundu moja mpaka katikati ya jirani yake, zidisha kwa 1.7. Ya 114.3 inakupa 67.2 kati ya jirani na jirani. Ya 112, zile za Mercedes, inakupa 65.8. Unaona hatari yake, tofauti haifiki milimita moja na nusu, jicho haliwezi. Na hao wenzetu wa Chevrolet za zamani, Camaro na ndugu zake, ni 120.65, wakati BMW nyingi ni 120. Nimeshaona mtu akilazimisha hiyo, stadi zimeinama kama meno ya mbele ya mtoto.

---

MtotoWaShangani

MREJESHO

Wakuu, miezi minne imepita. Samahani kwa kimya. Nimechukua muda kwa sababu safari hii nilipima kwanza.

Nilichofanya, gari ikiwa juu ya mawe. Nilivua gurudumu la mbele, nikashika mti ulionyooka, ule wa kupigia plasta, nikausimamisha juu ya uso wa habu kama ndiyo rimu. Kutoka kwenye mti kwenda ndani nikapima mpaka kila kitu ambacho rimu au tairi lingeweza kukigusa. Nikageuza usukani hadi mwisho kushoto, nikapima tena. Mwisho kulia, nikapima tena. Mbele kinachokaribia zaidi ni ile mikono ya juu ya sasipenshi na tairodi za usukani. Nyuma ni springi, zile za vyuma vilivyopangana kama za lori. Yote nikayaandika kwenye daftari la mjomba la meli, lina kurasa za mraba, zinafaa.

Gari hii mbele ina diski. Mwaka ule diski zilikuwa za kuongezea pesa, wengi walichukua dramu. Kalipa yake ya breki ina pistoni nne na ni nene, kuna rimu zinalala vizuri kwenye habu halafu spoku inagonga kalipa. Kwa hiyo niliomba udongo wa kufinyangia kwa jirani yangu mfinyanzi, nikabandika donge juu ya kalipa, nikavika mojawapo ya zile rimu za Toyota pamoja na spesa yake kama mfano, nikazungusha kwa mkono, nikavua. Udongo ulikuwa umekatwa vizuri kama kwa kisu, nikapima unene uliobaki. Jirani akauliza natengeneza gari au chungu. Nikamwambia gari.

Nikaja kwenye hesabu ya ofseti, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini zile za kwanza zisingekaa hata kama kitovu kingekubali. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaolala kwenye habu. Magari ya Kijapani ya sasa yana ofseti kubwa, 45, 50. Uso uko nje, mwili wa rimu umeingia ndani. Mustang ya enzi hizo inataka karibu na sifuri. Wamarekani wao hupima tofauti, kutoka ukingo wa nyuma wa rimu mpaka kwenye huo uso. Upana unaoandikwa, sema inchi 7, ni wa pale tairi linapokaa. Ukipima ukingo kwa ukingo unapata kama inchi 8. Kwa hiyo rimu ya inchi 7 yenye ofseti sifuri ina inchi 4 nyuma. Zile zangu za Toyota, 6.5 kwa ET50, zilikuwa na kama inchi 5.7. Yaani inchi nzima na zaidi ya nusu imeingia ndani kuliko inavyotakiwa. Spesa ya milimita 20 haifiki hata inchi moja. Nilikuwa najidanganya.

Nikaagiza seti ya 15x7, ofseti sifuri, 5x114.3, alumini, spoku tano, muundo wa American Racing Torq-Thrust. Muundo huu ndio uliopendwa Marekani miaka ya 1960 kwenye magari ya mashindano, na mjomba alipousikia kwa jina alitabasamu. Za zamani zilikuwa za magnesiamu, na ndiyo asili ya watu kuziita "mag". Ninafurahi hizi si magnesiamu, maana chumvi ya hapa ingezimaliza mapema. Bei ni mara sita ya zile za kwanza. Zilifika Dar kwa meli, zikashuka Mtwara na basi, zimefungwa godoro.

Tundu la katikati la rimu hizi ni milimita 83, kubwa kuliko kitovu changu. Nilipata hofu, nikamwandikia Fundi_Chikongola faragha, akaja mwenyewe nyumbani siku ya Jumamosi, hakuchukua hata nauli. Namshukuru hapa hadharani.

---

Fundi_Chikongola

Tulikunywa chai na mzee, hiyo inatosha.

Niongeze kidogo kwa faida ya wengine. Hizo rimu zimeundwa zikae katikati kwa nati, siyo kwa kitovu. Matundu yake ni ya koni, na nati za koni ndizo zinazoivuta rimu katikati unapokaza. Kwa hiyo 83 siyo kosa. Ila ufungaji wake una adabu: gurudumu likiwa hewani unaingiza nati zote tano kwa mkono, unakaza kidogokidogo kwa kuruka, hii, unaruka jirani yake, halafu inayofuata, kama unachora nyota. Unatikisa gurudumu, unakaza tena kidogo. Ndipo unashusha chini na kumalizia. Ukianza kwa kukaza moja mpaka mwisho, umeshaivuta rimu pembeni na zile nne zilizobaki hazitairudisha.

Tulihesabu mizunguko. Kumi na tatu, kila stadi.

---

MtotoWaShangani

Kumi na tatu, ndiyo. Tulimaliza kwa spana ya kipimo, kama Nm 110 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Fundi alikuja nayo. Kabla ya hapo tulisugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka ukawa chuma kitupu, maana kutu iliyoganda pale ni sawa na kuweka spesa usiyoijua. Ikibanjuka njiani nati zinalegea. Nikapaka grisi nyepesi sana kwenye kitovu tu, ili chumvi isiunganishe alumini na chuma. Kwenye meno ya stadi hatukupaka kitu.

Matairi nimechukua 205/65R15, yanapatikana hapahapa mjini. Kimo chake ni kama milimita 647, karibu sawa kabisa na ya zamani ya inchi 14, kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi. Kuna walionishauri niende inchi 17 na tairi la ukuta mfupi. Sikatai, zinapendeza. Lakini barabara ya kwenda Masasi inapita malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma mchana na usiku, na mashimo yake yana ukingo mkali. Nataka ukuta wa tairi wa kunibeba.

---

Ligula77

Matairi mapya au ya mtumba?

---

MtotoWaShangani

Mapya. Nilianza kuangalia ya mtumba, yana kashata nzuri kabisa, halafu nikasoma zile tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja lilisomeka 3412, wiki ya 34 ya 2012. Nikalikunja kwa mikono na ubavu ukatoa nyufa ndogondogo kama udongo wa jaruba la mpunga uliokauka. V8 inaposukuma, ubavu ndio unaobeba. Nikaliacha.

---

DerevaWaKusini

Haya sasa, umeshaiendesha? Mzee je?

---

MtotoWaShangani

Nimeiendesha. Kabla ya mzee kupanda niliwapakia wapwa zangu wanne, nikazunguka nao taratibu hapa Shangani kwenye matuta, fundi akitembea kando anasikiliza. Kimya. Nikageuza usukani mwisho kushoto na kulia nikiwa na ule uzito, kimya. Nyuma kuna nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye springi.

Jumapili nikampitia mjomba. Kabla hajaingia aliomba nimwonyeshe. Haoni vizuri tena, kwa hiyo alichuchumaa akapitisha kiganja juu ya rimu, spoku moja baada ya nyingine, mpaka tano. Akagusa nati, akahesabu na zenyewe. Akaniuliza, "Zimezunguka ngapi?" Nikamwambia kumi na tatu. Akasema, "Haya, twende."

Kilomita 50 ilipita, 60 ikapita, 80. Usukani umetulia kama maji ya mtungi. Tulifika pale pale kwenye ghuba ya Mikindani, mahali nilipovua rimu siku ile, tukaegesha. Mjomba akabaki ndani amefungua kioo. Mimi nikashuka na spana ya kipimo, ambayo sasa nimenunua yangu, nikapitia nati zote ishirini kama nilivyoagizwa, maana alumini mpya hukaa na lazima ukague baada ya kilomita chache za mwanzo. Kumi na tisa hazikusogea. Moja, nyuma kushoto, ilichukua robo mzunguko.

Nitaikagua tena Jumamosi, na nitaandika hapa.